Mwiko wa Mama

Mwiko ulioko jikoni kwa mama yangu, Tanga, umelika upande mmoja. Ukiulaza juu ya sinia unaona: pembe moja ya bapa lake bado ina mviringo alioupa fundi, ya pili imekwenda mshazari kama ukucha uliokatwa gizani. Ni mti wa mfenesi, mti mgumu, na hakuna aliyeupiga randa. Umelika kwa sufuria tu, miaka zaidi ya arobaini ya uji, bada na wali, mkono uleule, upande uleule.

Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni hesabu, alituuliza siku moja ya Idi: hicho kipande kilichopungua kimekwenda wapi? Tukatazamana. Kimeingia sufuriani, akasema, na cha sufuriani tumekila sisi. Watoto sita tumekula mwiko wa mama yetu, chembe kwa chembe, bila kujua.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, "Na ule mwingine je? Mmeumeza au mmeutema?"

Kiswahili kina uchokozi wake. Neno linalotaja mti wa kusongea ugali ndilo hilohilo linalotaja jambo lisilofanywa. Kamusi huyaweka maneno hayo mawili moja chini ya jingine, kama wapangaji wawili waliotokea kuitwa jina moja. Jikoni kwetu hawakuwa wapangaji, walikuwa mtu na mkewe. Mama alitawala kwa miiko yote miwili, na aliyeudharau mmoja aliuonja mwingine mgongoni.

Ile isiyoshikika ilikuwa mingi. Kinu hakikaliwi. Mwiko haulambwi. Chumvi haitajwi kwa jina usiku. Ukitumwa kwa jirani unaomba "kile cha mchuzini". Tui halikorogwi kwenda na kurudi. Kisamvu hakifunikwi. Bada haliliwi kavu. Mkono wa kushoto haugusi chakula. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: "Ni mwiko." Basi. Huulizi tena.

Nimekuwa mtu mzima nikiyatafuta majibu hayo mwenyewe. Nimekuta kwamba baadhi ya miiko ile ilikuwa elimu ya hali ya juu, na baadhi ilikuwa dhuluma iliyojitanda kanga ya adabu. Aliyenifundisha kuitenganisha ni yuleyule aliyeiweka.

Pumzi ya kisamvu

Kisamvu kwetu kilikuwa kazi ya jioni nzima. Unachuma majani machanga ya muhogo, unatoa vikonyo, unayatwanga kinuni mpaka yalainike na ile harufu ya ubichi ikae puani. Ndipo unainjika sufuria. Na hapo ndipo mwiko ulipoanzia: sufuria inaachwa wazi.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, niliachwa niangalie moto. Nikaona mvuke unapotea bure na mkaa unakwisha, nikachukua mfuniko nikafunika. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Sijui alijuaje, labda alisikia mlio wa bati. Aliingia, akafunua, akanitazama, kisha akamwaga yale maji yote na kuanza upya kwa maji mengine. Mkaa wenyewe ulikuwa wa kununua, na mwezi ule baba hakuwa amelipwa. Nilingojea kipigo. Badala yake nilipewa sababu, mara ya kwanza na karibu ya mwisho katika utoto wangu. "Kisamvu kina pumzi mbaya," aliniambia. "Ukikifunika, kinaimeza tena."

Baadaye nilikuja kusoma jambo hilo kwa lugha ya maabara. Muhogo, majani na mizizi, una kemikali iitwayo linamarini. Jani likiwa zima, kemikali hiyo imetulia. Ukilitwanga, kuta za seli zinapasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo kinaifikia na kuivunja, na mwisho wake inatoka sianidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu. Lakini ni sumu isiyokaa mahali: huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, joto ambalo mchana wa Tanga hulipita bila jasho. Sufuria ikiwa wazi, inaondoka na mvuke. Ukifunika, mvuke unagonga mfuniko, unakuwa matone, na sehemu ya ulichokuwa unakifukuza inarudi ndani.

Pumzi mbaya, na kuimeza tena. Mama hakuvuka darasa la nne. Kile nilichokisoma kwa kurasa kadhaa yeye alikuwa amekimaliza kwa maneno machache, huku akipuliza moto.

Na kile kinu, ambacho mimi nilidhani ni cha kulainishia majani tu, kilikuwa nusu ya dawa. Ndiyo maana hakukubali kisamvu kilichotwangwa kivivu. Angekivuta kwa vidole, akiona jani lililobaki zima, angesema tu, "Rudi kinuni."

Bada na samaki wake

Mtu wa Tanga humjulia kwenye bada. Ni ugali wa unga wa muhogo, mweupe kuelekea kijivu, unaovutika, na asiyeuzoea huuogopa. Mama aliusonga kwa shuruti mbili. Ya kwanza, makopa yakauke juani sawasawa kabla ya kutwangwa, hata kama watoto wanalia. Ya pili, bada haliliwi kavu. Pasipo samaki, hata dagaa wa kujaa kiganja, hakusonga. Tulikunywa uji tukalala. Tuliona ni maringo ya watu wa pwani, kwamba chakula bila samaki si chakula.

Yaliyowapata watu waliokosa shuruti hizo mbili yameandikwa. Mwaka 1938, huko Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, ulielezwa kitabibu ugonjwa wa ajabu: mtu mzima wa afya, au mtoto, ghafla miguu inakakamaa, na haikunjuki tena maisha yake yote. Wayaka wa eneo hilo waliuita konzo, neno lao lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 ukazuka kwetu Tanzania, wilayani Tarime.

Kila mahali kisa kilifanana. Ukame umeua mazao mengine, umebaki muhogo mchungu, ambao hustahimili jua. Njaa inafupisha siku za kuvundika na kuanika. Pembeni mwa ugali hakuna samaki, maharage wala nyama. Mwili wa binadamu huiondoa sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo huipata kwenye protini. Asiyekula protini hana silaha. Yule dagaa wa mama alikuwa anafanya kazi ambayo hakuna hata mmoja wetu pale kwenye sinia aliyemjua nayo.

Nilipoisoma habari ya Tarime nilijiuliza swali la kitoto: kwani wao hawakuwa na mama wa kuwaambia? Walikuwa nao. Walijua kuvundika, walijua kuanika, walijua siku ngapi. Walichonyang'anywa ni muda. Tangu hapo sijawahi kumcheka mtu anayekula vibaya kwa sababu ya haraka. Mara nyingi mwiko anaujua, ila njaa imemtangulia.

Yai la mwaka 1975

Mwiko uliomkera mama zaidi haukuwa wake. Aliukuta kwa mama mkwe wake, bibi yetu, tuliyeishi naye nyumba moja: mjamzito hali mayai, mtoto atazaliwa na upara. Pembeni yake kulikuwa na mwingine, kwamba firigisi ni ya baba. Kuku akichinjwa, kila kiungo kilikuwa na mwenyewe, na mwanamke aliyekuwa akijenga mtu mzima tumboni mwake ndiye aliyeangukiwa na shingo na mchuzi.

Hadithi hii nimeirithi, kwa sababu mwaka 1975 nilikuwa na miaka mitatu. Nchi ilikuwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Miaka miwili kabla ilikuwapo Mtu ni Afya, iliyowachimbisha watu vyoo kila kona, na mwaka huohuo wa 1973 ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Chakula ni Uhai ikawakusanya watu zaidi ya milioni moja katika vikundi vya elimu ya watu wazima. Wanasikiliza kipindi cha redio, kisha wanajadiliana. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, huyuhuyu wa hesabu. Alikwenda kikundini, akasikiliza, na akarudi nyumbani na neno moja: mayai.

Kumpinga mama mkwe waziwazi lisingekuwa jambo la heshima, na redio si mtu wa kumtegemea ndani ya nyumba. Mama alingojea jioni, bibi akiwa ametulia na tambuu yake, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelimishwa, "Mama, nikimla mtetea mzima, nimekosea?"

"Hujakosea."

"Na yai lake, ambalo lilikuwa tumboni mwake, nikilila nimekosea?"

Bibi alitafuna kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kula. Lakini mtoto akitoka na upara, usimlete kwangu."

Mtoto alitoka na nywele mpaka kwenye paji la uso. Bibi mwenyewe ndiye aliyempokea, na inasemekana alizipitishia vidole nywele zile mara mbili, asiamini. Mdogo wangu leo ana upara unaong'aa, lakini ulimwanza alipovuka miaka arobaini, na hata bibi, kama angekuwapo, asingemsingizia yai.

Kuhusu firigisi hapakuwa na mjadala. Mama aliendelea kumwekea baba, na baba, baada ya mtoto yule kuzaliwa, akaanza kuikata vipande na kuisukuma upande wetu wa sinia bila kusema neno. Sijui kama waliwahi kulizungumza. Nyumba nyingi huvunja mwiko namna hiyo, kimyakimya, kila mtu akijifanya hakuona.

Konzi ya kurudisha

Baba alifanya kazi katika shamba mojawapo la mkonge. Watoto wa Tanga tumekua tukisimuliwa kwamba mkoa mzima ulijengwa na miche 62: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni hiyo 62. Kutoka hapo Tanganyika ikawa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, na miaka ya 1960 nchi ilifikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mkonge wetu ukaanguka nayo. Mimi nilizaliwa kwenye upande wa kuteremka. Mshahara wa baba ulikuwa kama mvua ya vuli, unaweza kuja na unaweza usije.

Ikaja vita ya Kagera, na baada yake miaka ya foleni. Wenye umri wangu wanakumbuka. Tulipanga mawe dukani alfajiri kushika nafasi, kila jiwe na mwenyewe. Sukari ya kupimiwa, sabuni ya kukatiwa, na unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao mtaani tuliubatiza yanga. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanaogopa kuonekana na kitu na wanaogopa kutokuwa nacho.

Katika miaka hiyo mama aliweka mwiko mpya, na huu aliutunga mwenyewe: mchele hauendi sufuriani mzima. Akishapima kibaba chake, aliutia mkono, akachota konzi moja, akairudisha kwenye mtungi wa pembeni. Kila siku ya wali, konzi moja. Hatukuona kilichopungua sahanini. Konzi moja kwa vinywa vinane haionekani. Lakini konzi thelathini zinakaribia vibaba viwili, na vibaba viwili ni mlo wa nyumba.

Nilidhani ni akiba yetu. Siyo. Mtungi ule haukufunguliwa hata siku ambazo sisi wenyewe tulikunywa uji wa chumvi. Ulikuwa wa anayekuja bila kuitwa. Usiku mmoja alikuja mama wa nyumba ya tatu, na wanawe wawili, kusalimia. Saa tatu usiku, kusalimia. Mama hakuuliza lolote. Aliamsha moto akachukua mtungi. Mimi niliyekuwa nimelala na uji nilinung'unika, na alinivuta pembeni akanong'ona, "Yule hakuja kuomba, amekuja kusalimia. Ukinuna atasalimia nyumba nyingine, na huko huenda hakuna mtungi."

Wakala, wakaaga, na hakuna aliyetaja chakula. Nimewahi kuhudhuria mikutano mingi kuhusu usalama wa chakula, penye meza ndefu na maji ya chupa. Bado sijasikia mpango uliokuwa na hadhi kama ule, kwa aliyetoa na kwa aliyepokea.

Fedha zenyewe, mshahara ulipokatika, zilitoka kwenye vitumbua. Mchele ulilowekwa usiku, ukasagwa, ukachanganywa na tui, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, na kabla ya adhana ya alfajiri chuma kilikuwa motoni. Kitumbua cha kwanza, ambacho siku zote hukosa umbo, kilikuwa cha aliyeamka kuwasha moto. Sukari ilipopanda, wauzaji wenzake wa Ngamiani walipunguza ukubwa wa kitumbua na kuacha bei palepale. Mama alipunguza idadi. Alikaanga arobaini badala ya sitini, ukubwa uleule, vikiisha anainuka. "Mtu akikuta kitumbua kimenywea," alisema, "atajiuliza nini kingine nimepunguza." Sidhani kama alipata faida kubwa. Lakini wateja wake ndio waliomngoja yeye, si yeye aliyewangoja.

Alipokosea

Itakuwa uongo kumfanya mama yangu kuwa mtu asiyekosea, na mwenyewe hapendi kusifiwa kwa mabonge.

Ule mwiko wa tui, kwamba ulikoroge upande mmoja tu, usirudi, niliujaribu nilipopata jiko langu. Nilikoroga kwenda na kurudi, moto mdogo, mkono haukupumzika, na tui halikukatika. Kinacholikata ni moto mkali na mkono unaoacha. Nilipomwambia, hakushtuka. "Ukikoroga upande mmoja huwezi kusinzia," akasema. Mwelekeo ulikuwa ua tu wa kulinda shamba lenyewe, yaani mkono usiondoke.

Lakini kwenye kiporo alikosea kweli. Mama aliamini kwamba moto hutakasa kila kitu. Wali uliobaki ulilala sufuriani, umefunikwa, asubuhi ukapashwa mpaka ukatoa mvuke, tukala tukaenda shule. Mara nyingi hatukudhurika. Mara moja tulidhurika, watoto wanne kwa asubuhi moja, tukitapika uani kama tuliopangwa foleni. Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu. Halikuwa jicho. Wali uliopikwa, ukiachwa saa nyingi kwenye joto letu, huota bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, na mojawapo ya sumu wanazoziacha haiondolewi na kupasha. Dawa ni kuupoza wali upesi, ukiwa umetandazwa, na kuuhifadhi kwenye baridi. Asiye na jokofu apike wa kumalizika.

Cha ajabu, kwenye mahindi aliijua kanuni hiyohiyo. Alikaa na ungo mapajani, akitoa kila punje yenye ukungu, kijani au nyeusi, hata msimu wa njaa, na hakukubali kwamba itasagwa tu na kupikwa. Sumukuvu, ambayo ukungu huo huitoa, haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125 kati yao. Ungo wa mama ulijua jambo ambalo sufuria yake haikulijua. Nadhani ndivyo elimu ya kurithi ilivyo: inafika ikiwa na matundu, na mrithi ndiye wa kuyaziba.

Miiko ya zahanati

Sasa mama amevuka miaka themanini na ana kisukari. Mara ya kwanza nilipomsindikiza zahanati, muuguzi kijana, mpole, alimkalisha na kumsomea orodha: chai bila sukari, wali kidogo, muhogo kidogo, tui jepesi, embe hapana.

Mama alinigeukia. "Miiko," akasema, macho yakicheka. Kisha akamgeukia binti yule. "Mwanangu, kwa nini wali kidogo?"

Muuguzi akaeleza kwamba wanga ukishaingia mwilini unageuka sukari, na wali mweupe unageuka haraka. Mama akaitikia kwa kichwa. Kwa nini muhogo? Akaelezwa. Kwa nini tui? Akaelezwa habari ya mafuta na moyo. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, lakini binti hakumharakisha, na ninamshukuru hadi leo. Walipofika kwenye embe, mama akauliza kwa nini embe hapana, ilhali chungwa halikukatazwa. Muuguzi akafikiri kidogo, akatabasamu. "Basi, bibi, kipande kimoja. Baada ya chakula, si peke yake."

Kwenye bajaji nilishindwa kuvumilia. "Mama, sisi tulikuuliza kwa nini maisha yetu yote. Hukutujibu. Leo umemuuliza mtoto wa watu mpaka kwenye embe."

Alinyamaza mpaka tukavuka reli. "Ningewajibu nini?" akasema. "Mama yangu aliniambia kisamvu hakifunikwi. Naye aliambiwa. Ile habari ya pumzi mbaya niliitunga palepale, ulikuwa unanitazama kama nimekufilisi." Akakaza kanga. "Na mtoto ukimpa sababu, atashindana nayo. Ukimpa mwiko, anatoa mkono motoni kwanza. Sasa ninyi ni watu wazima. Ulizeni mpaka mchoke."

Kumbe ile pumzi mbaya, iliyokaribia kitabu kiasi kile, ilikuwa ya kubahatisha. Au labda si ya kubahatisha. Mtu aliyesimama mbele ya sufuria moja miaka yote hiyo, akinusa, pengine huwa anajua zaidi ya anavyojua kwamba anajua.

Mkono wa kushoto

Nimeuacha mwiko mmoja. Mimi ni wa mashoto. Katika nyumba ya Kiislamu ya pwani hilo si jambo dogo, kwa sababu mkono wa kushoto una kazi yake na si ya chakula. Kula nimekula kwa kulia maisha yangu yote, na nitaendelea. Lakini kusonga ugali ni nguvu, na nguvu yangu ilikuwa upande wa pili. Nilipokuwa na miaka kumi, mama aliniona nikihangaika na bada kwa mkono wa kulia, madonge yamejaa. Akaniambia, "Badili." Shangazi yangu aliyekuwa mlangoni akashangaa: "Wifi, kwa kushoto?" Mama hakugeuka. "Sufuria haijui mkono," alisema. "Sinia ndiyo inayojua."

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Mikono yake sasa inatetemeka na hasongi tena. Alisema nichukue ule mwiko uliolika, kwa kuwa ndiye binti mkubwa. Nikasema niujaribu kwanza palepale. Nikainjika maji, nikatia unga wa muhogo, nikashika kwa kushoto. Haukwenda. Ule mshazari, uliokaa sawa na ukuta wa sufuria kwa mkono wake, kwangu ulitazama hewani. Pembe nzima ndiyo iliyogonga bati. Unga ukaanza kukamata chini.

Mama alikuwa kwenye kigoda, akinitazama. "Lete," akasema. Aliupokea, akaupitishia kidole gumba pale palipolika. "Huu umeumbika kwa mkono wangu. Utakupa kazi bure." Akamtuma mjukuu uvunguni mwa kitanda, akarudi na kitu kilichofungwa gazeti la zamani: mwiko mpya, mfenesi pia, pembe zote mbili za mviringo. Sikumuuliza aliununua lini.

Nikasonga. Madonge yakavunjika, bada likaanza kuvutika. Mama akaegemea ukuta, akafumba macho, nikadhani amesinzia.

"Lakini mfuniko wa kisamvu," akasema, "uuache hukohuko uliko."